Pete Isiyo na Namba

Kwenye soda ya kuniaga, meneja alisema mimi ndiye mstaafu mdogo kuliko wote aliowahi kuwaaga. Watu wakacheka. Nina miaka ishirini na tisa. Mtu wa umri huo hastaafu, anaondolewa: wanafunga mashine juu ya mlingoti, wanakupa barua, wanakushukuru. Lakini neno lao nimelichukua, maana mstaafu ana ruhusa moja ambayo mfanyakazi hana, ruhusa ya kusema.

Rehema, wewe na wenzako mliobaki kuifuta vumbi hiyo mashine na kuibadilishia betri, nawaandikia ninyi. Vyeo siandiki, sikuwahi kupata hata kimoja. Nitaandika juu ya pete inayolizunguka jua siku chavua ikijaa hewani, jinsi hali ya hewa inavyoionyesha na jinsi inavyoificha. Na nitaandika juu ya mwanangu Elia, ambaye chavua hiyo inambana kifua mpaka anakosa pumzi. Kwangu hayo ni jambo moja. Ofisi ilisema ni mawili, na la pili halikuihusu.

Nilianza kazi pale shamba la mbegu nikiwa nimekaa miaka miwili kwa mama hapa Sepuka, nikipepeta alizeti na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa sandukuni. Walitaka mtu anayejua kusoma desimali. Basi. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Ntandu, mwangalizi wa hali ya hewa, amesimama mbele ya kile kibanda cheupe cha mbao, akipiga mlango kwa fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaogopa nyoka?"

"Naogopa."

"Vizuri. Aliyekutangulia alikuwa haogopi. Humu ndani kuna kivuli, na nyoka naye anapenda kivuli. Gonga kwanza, ndiyo ufungue."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la hali ya hewa. La pili lilikuwa la themometa mbili za humo kibandani, moja kavu na moja iliyovalishwa kitambaa chenye maji. Zile za maji na kavu zikisoma sawa wakati nje hakuna ukungu wala mvua, usianze kushangaa maajabu. "Kitambaa kimekauka," alisema mzee. "Ongeza maji, mama. Mungu hajabadilisha kitu." La tatu lilikuwa kipima mvua: ukimimina maji kwenye kile kioo chembamba, inama mpaka jicho liwe sawa na maji. Ukisoma umesimama, utaongeza mvua ambayo haikunyesha, na wakulima watakuchukia kwa haki.

Tulisoma saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, Pasaka na Idi. Kila kitu tulichokiona kilikuwa na namba yake kwenye kitabu. Wingu la pamba namba yake, ukungu namba yake, vumbi namba yake. Mwanzoni nilipenda sana utaratibu huo. Nilidhani dunia nzima imeshapewa namba, kazi yangu ni kuijaza tu.

Mwezi wa nne ulipofika, mzee aliniita asubuhi moja kabla ya saa tatu.

"Njoo usimame hapa. Sogea mpaka kichwa chako chote kiingie kwenye kivuli cha mlingoti."

"Jua si litanipofusha?"

"Litakupofusha ukichungulia pembeni. Hili jicho langu la kulia unaloliona limefifia, nililipeleka pembeni nikiwa na umri wako. Mlingoti ulifunike jua lote. Haya, inua macho."

Niliinua. Mbingu ilikuwa bluu, bila kipande cha wingu. Na pale mlingoti ulipokuwa umeliziba jua, pembeni yake palikuwa na duara: jeupe lenye ubluu karibu na jua, kisha njano, kisha wekundu wa kahawia ukingoni. Lilikuwa zuri. Nasema hivyo kwa hasira, lakini lilikuwa zuri.

"Mvua inakuja," nikasema, maana huku kwetu kila mtu anajua jua likivaa pete, mvua iko njiani.

Mzee alicheka. "Ile ya mvua ni kubwa. Nyoosha mkono, tandaza vidole, kutoka kwenye jua mpaka kwenye pete ile ni shubiri nzima. Ile inaletwa na wingu jembamba la juu kabisa. Hii imelikumbatia jua, vidole vitatu tu. Na wingu liko wapi? Nionyeshe."

Sikuliona.

Alinipeleka kwenye ile safu ya mivinje iliyopandwa kando ya uzio kukinga upepo, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa mama. Kwenye ncha za matawi ya baadhi ya miti palikuwa na vitu kama mikia midogo ya kahawia. Akashika tawi moja, akalitikisa. Moshi ukatoka. Haukuwa moshi, ulikuwa unga mwembamba, ukaelea pale mbele yetu kama haujui uende wapi.

"Hii ndiyo pete yako," alisema. "Punje ni ndogo, zote zinalingana, na mwanga unapita katikati yake. Miti inaoana, mama. Sisi tunaangalia harusi."

Nikaenda kuosha mikono. Mzee hakuosha.

Sasa mlishike hili, kwa sababu mashine haina shingo ya kuinua. Siku mvua inaponyesha, pete hamna. Maji yanaishusha chavua yote chini. Kesho yake bado hamna, miti imelowa. Siku ya pili au ya tatu ya ukame, asubuhi yenye jua na upepo mdogo, ndiyo yenyewe. Jua likiwa chini linaonyesha vizuri kuliko likiwa utosini, kwa sababu mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi. Na huu upepo wetu wa Singida ukishaanza kuvuma kwa kishindo, kama unavyojua unavyotuvua vilemba, unainua vumbi, mbingu inakuwa nyeupe kama maji ya ugali, na pete inazama humo. Mwezi wa nane watu wakichoma mashamba, usihangaike kutazama. Utaona moshi tu.

Mzee Ntandu alikuwa akiweka kiduara kidogo cha penseli pembeni ya ukurasa kila siku aliyoiona. Hakikuwa na namba. Alipostaafu, kustaafu kwa kweli, alinikabidhi penseli yenyewe, nami nikaendelea na viduara. Hakuniambia vina faida gani. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuwa mtu wa kuandika anachokiona, akishaandika anakunywa chai.

Elia alizaliwa mwaka uliofuata. Baba yake yuko Manyoni na mke mwingine, hana nafasi katika maandishi haya. Mtoto nilimbeba mgongoni nikisoma themometa, na siku za pete nilikuwa nakaa naye pale nje kwa muda, namwonyesha. Alikuwa hawezi kuona chochote, alikuwa mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyekuwa nataka kuona. Siku nzuri kuliko zote za kuangalia pete ndizo siku mbaya kuliko zote za kuvuta ile hewa, na mimi nilisimama katikati yake na mtoto mgongoni, nikifurahi.

Alipofikisha mwaka na nusu akaanza kubanwa. Kifua kinalia kama filimbi, mbavu zinaingia ndani. Zahanati wakasema homa ya mapafu, wakampa dawa. Akapona. Baada ya siku chache tena. Homa ya mapafu. Mama akasema ni baridi ya asubuhi, nimwache nyumbani. Nikamwacha nyumbani, ng'ambo ya barabara, mbele ya mivinje.

Kisha tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Meneja wetu, ambaye hajawahi kuinama kusoma kipima mvua hata siku moja, aliviomba vitabu vyote.

"Mama Elia, haya maduara ni nini?"

"Ni siku za pete, bosi. Pete ya chavua."

"Ina namba?"

"Haina."

"Kama haina namba, inaingiaje kwenye kitabu?"

"Imeingia pembeni, bosi. Mzee Ntandu ndiye aliyeanza."

"Mzee Ntandu alikuwa anajichorea. Wakaguzi wakiona vitabu vina michoro watasema tunafuga watoto wa chekechea. Futa yote."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kunakili tarehe kwanza kwenye karatasi, jambo la saa moja tu. Sikukataa na sikunakili. Nilinunua raba mbili dukani, nikakaa kwenye kile kibaraza cha ofisi siku mbili, nikafuta viduara vya mzee na vya kwangu, mwaka baada ya mwaka, nikipuliza ule uchafu wa raba usiharibu kurasa. Elia nilikuwa naye siku hizo, amekaa chini ya mivinje anaokota vikoni vyake, yale matunda madogo magumu. Alikohoa. Nilimwambia asiweke mchanga mdomoni.

Wakaguzi walikuja, walikula kuku, hawakufungua vitabu.

Mwaka uliofuata zahanati ililetewa mganga mpya, kijana mwenye haraka ila mwenye masikio. Alichukua kadi ya Elia, akahesabu mara ngapi imeandikwa homa ya mapafu, akakunja uso.

"Mama, huyu hana homa ya mapafu. Hii ni pumu. Kuna kitu kinamwanzishia. Kila akibanwa, siku hiyo kulikuwa na nini?"

"Sijui."

"Wewe si ndiye wa hali ya hewa? Kama wewe hujui, nani ajue?"

Nilitoka pale mbio. Nilikuwa nimejua tayari, kabla hata sijafika barabarani. Nilifungua vitabu, nikaweka kadi ya mtoto pembeni, nikatafuta tarehe. Kila ukurasa palikuwa na alama ya raba, karatasi imevimba manyoya. Nikaupeleka ukurasa kwenye jua, nikauinamisha huku na huku. Mahali pengine niliona kivuli cha kiduara. Mahali pengine sikuona. Ningeapa vipi kwa kivuli? Nilikuwa nimekifuta vizuri. Kazi yangu nilikuwa naifanya vizuri siku zote.

Basi msimu ule nikaanzisha daftari langu mwenyewe, la mistari, la dukani. Upande mmoja pete, upande mwingine kifua cha Elia. Mpaka mwezi wa tano haikuhitaji msomi. Asubuhi pete, jioni kifua. Mvua siku mbili, anacheza kama mwana-mbuzi. Ukame siku ya tatu, anakaa kitandani ameshika magoti. Nilipanda gari hadi hospitali ya mjini, daktari mmoja mama mtu mzima akalisoma daftari lote huku watu wakinung'unika foleni.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mzee mmoja wa kazini."

"Mshukuru." Akampa Elia pampu ya kuvuta na kutuonyesha jinsi ya kuitumia kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa. Siku za pete mtoto akae ndani, dirisha lifungwe, nguo zisianikwe nje. "Na ile miti kama inaweza kuondolewa mbele ya nyumba yenu, iondolewe."

Nikaenda kwa meneja. Sikumwomba akate safu nzima. Nilimwomba akate ile midume tu, yenye mikia ya unga, inayotazama nyumba yetu, apande mti mwingine wowote.

"Mama Elia, ile ni miti ya shamba. Inakinga mbegu. Unataka nikate kwa ushahidi gani?"

Nikampa daftari.

"Huu ni msimu mmoja. Tena ni daftari lako la nyumbani. Vitabu vya ofisi vinasemaje?"

Nikaitazama ile rafu ya vitabu nilivyovifuta.

"Vitabu vya ofisi," akasema, na Rehema, alikuwa hanitanii, alikuwa anaamini, "miaka yote hiyo havionyeshi kitu kama hicho. Ungekuwa na rekodi ya miaka, ningepeleka ombi juu. Sasa nitapeleka nini?"

Nilimwangalia mpaka akashika simu yake akajifanya anasoma. Yeye alinituma. Mkono ulikuwa wangu. Hayo yote mawili ni kweli, na ndiyo maana sijawahi kupata mahali pa kuitua hasira hii.

Mivinje ikabaki. Tukaishi kwa pete. Kila asubuhi ya mwezi wa tatu hadi wa tano nilikuwa nasimama nyuma ya nguzo ya jiko, naliziba jua, natazama. Ipo, Elia ndani. Haipo, Elia nje. Nilimfundisha mama pia, akanicheka kwanza: "Nimelea watoto sita bila kukagua jua." Lakini akawa ananiuliza kila siku.

Ilifanya kazi msimu mzima, na kwa hiyo nikaiamini. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili ndilo hasa ninalotaka mlijue.

Ilikuwa siku ya nne bila mvua. Asubuhi mawingu yalitanda kijivu toka mashariki hadi magharibi. Nilisimama nyuma ya nguzo. Jua halikuonekana, pete ingeonekana wapi? Nikaandika kwenye daftari: hakuna.

"Leo vipi?" mama akauliza.

"Hakuna. Mwache acheze."

"Umeona hakuna, au hujaona?"

"Mama, nachelewa saa tatu."

Akasema nyuma yangu, "Nyie wasomi. Jua likijificha ndiyo mmemaliza kusoma."

Mchana upepo wa kutangulia mvua ukaja kwa nguvu, ukaikamata ile mivinje ukaitikisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Miti ilikuwa imejaa siku nne nzima. Ngurumo, matone machache makubwa, basi. Hewa ilikuwa imeshika chavua yote, wingu limeifunika, hakuna jicho ambalo lingeiona. Niko kwenye kibanda, nimegonga mlango, nimeshika kalamu, saa tisa kasoro dakika tano, nikamwona mama anavuka barabara bila viatu, Elia amelala mikononi mwake kama nguo iliyolowa. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Pampu walikuwa wameitumia mpaka imeisha.

Sikusoma themometa. Tulipanda bodaboda watatu na dereva, mimi nikiwa nyuma nimemshika mtoto wima, namwambia pumua, kama vile alikuwa amesahau. Pale zahanati yule mganga alimwekea mashine ya mvuke, akamchoma sindano, akakaa naye. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Leo hukuona pete?" Nikasema sikuiona. Akasema, "Mh." Hadi jua linazama Elia akaanza kulia, na mama akakaa chini sakafuni akasema asante Yesu, asante Yesu, mpaka sauti ikamwishia.

Niliporudi kazini nilikuta barua ya kunitaka nijieleze. Nafasi ya saa tisa alasiri ya siku ile ilikuwa tupu, ya kwanza tangu kituo kifunguliwe. Niliandika maelezo. Meneja aliyaweka kwenye faili. Miezi michache baadaye mashine ikaletwa, na kwenye kikao alisema faida yake kubwa ni kwamba haikosi saa tisa. Ni kweli, haikosi. Haina mtoto.

Sasa Rehema, ninachokuachia si siri kubwa. Ukienda pale kufuta vumbi siku ya tatu ya ukame, ingia kwenye kivuli cha mlingoti utazame. Ukiiona, andika, kwa kalamu ya wino, na bosi akisema haina namba mwambie aandike yeye kwa mkono wake kwamba haikutokea. Ukitazama mbingu safi usiione, andika haipo. Na wingu likitanda, au vumbi likipanda, usiandike haipo kama nilivyoandika mimi. Andika: haikuonekana. Kati ya maneno hayo mawili kuna mtoto wangu.

Hata hilo, ukishaliandika, halimsaidii mtu kuamua. Kitabu kinapokea "haikuonekana" bila shida. Nyumbani lazima useme ndani au nje.

Elia ana miaka sita. Mwezi huu wa nne kila asubuhi akiamka, kabla ya chai, kabla ya kunisalimia, ananiuliza, "Mama, leo ipo?" Wenzake wanamsubiri pale njia panda waende naye shule, na shule iko upande wa pili wa ile miti. Siku mbinguni kweupe namjibu upesi. Leo ni siku ya nne bila mvua, na kumetanda. Nimesimama nyuma ya nguzo muda mrefu kuliko kawaida, kisha nimerudi ndani nikamwambia sijui.

"Hujui?"

"Sijui, baba."

Hakulia. Wenzake wameshaondoka, nimewasikia wakipiga mluzi. Yeye amekaa kizingitini, ameshika viatu vyake mkononi, kimoja na kimoja, anatazama juu.